Je, Chombo Ndicho Kimfanyacho Fundi?

Wazazi wengi wa vijijini siku hizi huletewa ombi ambalo babu zetu hawakulijua. Kijana aliye chuoni hupiga simu na kusema: "Baba, masomo yangu ni ya kutunga programu za kompyuta. Wenzangu wana mashine zao, mimi sina." Baba huketi barazani akahesabu minazi yake, mama naye akahesabu mbuzi. Wengine hupita ofisini kwetu kuuliza, maana hudhani kuwa karani wa parokia, kwa kuwa ni mtu wa karatasi, hakosi kujua na mambo ya mashine. Huniuliza hivi: "Mwalimu, akipata mashine nzuri, ndiyo atakuwa fundi mzuri?" Huniita mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu kabla ya kushika kalamu ya parokia.

Swali hilo si dogo. Fedha ya mashine moja yaweza kuwa bati za paa zima, au mifugo yote ya nyumba. Kwa hiyo nimeona vema kueleza habari za zana za watunzi wa programu: jinsi zinavyoharakisha kazi yao, na jinsi zinavyogeuza mawazo yao. Hili la pili watu hulisahau, nalo ndilo kubwa.

Kwanza tujue programu ni nini. Ni maagizo yaliyoandikwa kwa utaratibu, nayo kompyuta huyafuata moja baada ya moja bila kuuliza. Unapotuma fedha kwa simu, ni programu inayopunguza kwako na kuongeza kwa mwenzako. Mtu ameketi mahali akayaandika maagizo hayo. Naye huyaandika ndani ya programu nyingine iliyo kama daftari, ambayo wataalamu huiita kihariri. Jembe ni kwa mkulima, tezo ni kwa fundi wa jahazi, na kihariri ni kwa mtunzi wa programu.

Je, jembe laweza kugeuza mawazo ya mkulima? Tutazame mambo tunayoyaona kila siku huku Moa. Mvuvi wa dema, kabla ya kulizamisha, hana budi kuwaza. Ni bamvua au maji mafu? Mkondo waelekea wapi? Mwamba uko upande gani, na alama zipi za nchi kavu zitamrudisha pale pale kesho? Dema halimkimbizi samaki, lamngoja. Basi mwenye dema hujifunza tabia za samaki, tena hujifunza subira. Mvuta kokoro hana haja ya mengi ya hayo. Yeye huwaza wingi wa watu na nguvu za mikono, na wavu wake husomba wakubwa na wachanga pamoja, ndiyo maana sheria za uvuvi zimeukataza. Watu hawa wawili huingia bahari moja, lakini vyombo vyao vimewafundisha kuiona kwa namna mbili.

Ndivyo ilivyo kwa watunzi wa programu. Katika miaka ya 1950 na 1960 wengi wao hawakuwa na kioo cha kutazama wanachoandika. Waliandika kwa penseli, kisha maandishi yakatobolewa katika kadi ngumu. Kadi ya kampuni ya IBM ilikuwa na safu 80, yaani ilichukua herufi 80 tu. Bunda la kadi lilipelekwa chumba cha mashine, na mwenyewe akangoja saa nyingi, pengine mpaka kesho yake. Alama moja ikikosewa, bunda lilirudi bila jibu. Kwa hiyo watu wale walizoea kusoma maandishi yao mara tatu na mara nne kabla ya kuyatoa mkononi. Kazi ilikwenda polepole, lakini kichwa kilitangulia mkono.

Hapa niseme neno kwa wazazi wasiojua kompyuta, wasije wakajiona wajinga mbele ya watoto wao. Serikali yetu ilikuwa na kompyuta tangu miaka ya 1960, lakini mwaka 1974 ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na kwa miaka mingi baada ya hapo zilikuwa chache mno. Wengi waliosoma shule wakati ule hawakupata hata kuiona moja. Ni historia tu, wala si upungufu wa akili.

Baadaye vikaja vioo, na vihariri navyo vikaja. Mwaka 1976 kijana Mmarekani aitwaye Bill Joy, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitengeneza kihariri kiitwacho vi. Alikuwa akifanya kazi kwa njia ya waya wa simu uliokuwa mzito kupitisha maneno, hata kioo kilibaki nyuma ya vidole vyake. Basi alizifanya amri ziwe fupi sana: herufi moja ya kufuta, herufi moja ya kuruka neno. Na kwa kuwa mashine aliyoitumia ilichorwa mishale juu ya vitufe vya H, J, K na L, alizichukua herufi hizo ziwe za kwenda kushoto, chini, juu na kulia.

Wapenzi wasomaji, waya ule haupo tena. Mashine ile yenye mishale imekwisha kuwa kitu cha makumbusho. Lakini leo wapo watunzi, ambao wengine hawakuwa wamezaliwa mwaka ule, wanaosogea kiooni kwa H, J, K na L. Tena husema kwamba wakishakizoea kihariri hicho hawaoni tena herufi moja moja, bali huona neno, mstari na aya, maana amri zake hutaja vitu hivyo. Hivyo basi, shida ya mtu mmoja na waya wake imekuwa desturi ya vidole na ya mawazo kwa watu wasiomjua. Mwenye kutengeneza chombo huacha ndani yake shida zake, haja zake, na hata mapenzi yake.

Nasema mapenzi kwa sababu ya habari ifuatayo, ambayo imenigusa sana, nayo ni ya jirani zetu. Mholanzi mmoja, Bram Moolenaar, alitengeneza kihariri kwa kufuata kile cha Bill Joy na kukiboresha, akakiita Vim. Mwaka 1991 alikitoa kwa watu wote. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wa nchi yetu. Huko alijitolea muda wa mwaka mzima katika kituo cha watoto, akishughulika na maji na usafi. Sehemu zile zilikuwa zimeumizwa vibaya na ukimwi, na yatima walikuwa wengi. Aliporudi kwao Uholanzi alianzisha mfuko wa kuwasaidia watoto wa Kibaale. Hakuweka bei juu ya kihariri chake. Aliomba tu kwamba anayekipenda awakumbuke watoto wale.

Bwana Moolenaar alifariki mwezi wa Agosti mwaka 2023. Lakini Vim ikifunguliwa hivi hivi bila kazi ndani yake, kiooni hutokea maneno machache, na mara nyingi ni ya kuomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda. Fikirini ni mafundi wangapi wa Ulaya, Marekani na Asia ambao hawakuwahi kufika Afrika, nao asubuhi, kabla ya kuandika herufi ya kwanza, wamekutana na yatima wa Kibaale. Kumbe hata kihariri chaweza kubeba huruma. Na kama chaweza kubeba huruma, hakishindwi kubeba na uchoyo au uvivu, kwa kadiri ya mtengenezaji.

Sasa tuje kwenye zana za leo. Mpwa wangu asomaye Dar es Salaam alipokuja likizo niliketi karibu naye nikatazama anavyofanya kazi. Daftari lake lapaka maneno rangi mbalimbali, lapiga mstari mwekundu chini ya kosa, na akiandika herufi tatu lammalizia neno. Tena tangu mwaka 2021 wamekuwapo wasaidizi wa akili mnemba wanaoandika sehemu nzima ya programu wenyewe, na mtu kazi yake ni kukubali au kukataa.

Je, kazi yaenda mbio zaidi? Yamefanyika majaribio. Mwaka 2022 walichukuliwa watunzi 95 wakapewa kazi moja ya namna moja. Waliopewa msaidizi wa kampuni ya GitHub waliimaliza kwa muda pungufu kwa asilimia 55 hivi. Na kampuni hiyo ndiyo yenye kumuuza msaidizi huyo, nao watu wake walikuwamo katika jaribio. Lakini mwaka 2025 shirika moja la Marekani liitwalo METR liliwajaribu watunzi 16 wenye uzoefu, kila mmoja akifanya kazi katika programu kubwa aliyoizoea kwa miaka. Kazi zilikuwa 246. Hao, waliporuhusiwa kutumia akili mnemba, walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Na la ajabu ni hili: walipoulizwa baadaye, wao wenyewe walidhani wameokoa muda kwa asilimia 20.

Sisemi kwamba jaribio la pili limelifuta la kwanza. Kazi zilikuwa tofauti na watu walikuwa tofauti. Anayeanza shamba jipya ni mmoja, na anayepalilia shamba alijualo kila shimo ni mwingine. Lakini natoka na fundisho moja: mkono ukiwa mwepesi, mtu huona kazi imekwenda, hata kama haikwenda. Yafaa tupime kwa kilichokamilika, tusipime kwa wepesi tuliouonja.

Yuko na Mholanzi mwingine, Edsger Dijkstra, aliyefariki mwaka 2002, bingwa mkubwa wa elimu ya kompyuta. Katika maisha yake alitoa makala zaidi ya 1,300, na nyingi aliziandika kwa mkono, kwa kalamu ya wino. Mtu aliyewafundisha wengine namna ya kufikiri juu ya mashine alipenda kufikiri kwanza mbali na mashine. Sisi tuliosomea ualimu hatushangai. Tulikatazwa kuingia darasani bila andalio la somo. Chaki haimfikirii mwalimu.

Natoka sasa katika habari za mbali, nisimulie jambo la ofisini. Mpwa wangu aliniambia: "Mjomba, nikutungie programu ya kuorodhesha ubatizo, upate kutafuta jina kwa dakika moja." Nilifurahi, maana kutafuta jina la mtu aliyebatizwa miaka arobaini iliyopita, huku mwenyewe amesimama mlangoni akitaka cheti cha ndoa, si mchezo. Kwa siku nne akaimaliza. Kwa kweli majina yalipatikana upesi kuliko nilivyozoea.

Ndipo tukaja kwa bibi mmoja mzee aliyebatizwa ukubwani. Kitabuni mwenye kumwandika, Mungu amrehemu, alitia maneno haya tu: kwamba alizaliwa yapata mwaka 1948, wakati wa masika. Mpwa wangu akajaribu kuliingiza, na mashine ikakataa. Ilitaka tarehe, mwezi na mwaka. Bila kuwaza sana akaandika tarehe 1 Januari 1948, na mashine ikatulia. Nikamwuliza: "Bibi huyu alizaliwa tarehe moja Januari?" Akajibu: "La, mjomba, lakini kisanduku hakikubali tupu."

Tazameni, wasomaji. Kitabu cha karatasi kilikubali ukweli nusu, kwa sababu ndio uliokuwapo. Mashine ilidai ukweli mzima, na ilipoukosa ikapokea uongo. Kijana mwema, mwenye kusali, aliandika jambo lisilo kweli kwa sababu kisanduku kimemlazimisha. Na wangapi kati yetu wana vitambulisho vinavyosema walizaliwa tarehe 1 Januari? Katika vingi vya hivyo ni kisanduku kilichosema, wala si mama mzazi.

Tukagundua na la pili. Katika orodha yake mlikuwamo jina, wazazi, wasimamizi, siku na padre. Haikuwamo nafasi ile ya pembeni ambayo kitabu cha ubatizo huiacha wazi. Kanisa lina mazoea ya kale katika vitabu hivi. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliwaagiza maparoko kuwa na kitabu cha ndoa, na Sheria ya Kanisa ya leo, kanuni ya 535, yataka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu. Yataka pia kwamba pembeni mwa jina la mbatizwa ziandikwe habari za Kipaimara chake, ndoa yake, daraja takatifu au nadhiri zake. Nafasi ile tupu yaonekana si kitu. Kumbe ndiyo yenye kumwuliza karani kila siku: Mtoto huyu yuko wapi sasa? Amepata Kipaimara? Amefunga ndoa, na wapi? Ukiondoa nafasi hiyo, huondoi wino tu, waondoa swali. Na karani asiyeulizwa hasahihishwi, mpaka siku mtu aliyekwisha kufunga ndoa Tanga mjini atakapoandikishwa ndoa nyingine mahali pengine, akaachwa mama na watoto wakilia.

Mpwa wangu hakukasirika. Alifunga mashine, akachukua karatasi na penseli, akaketi chini ya mwembe na kile kitabu cha kale, akakisoma kurasa nyingi. Jioni alichora upya. Akaweka kisanduku cha mwaka peke yake, na kando yake kisanduku cha maneno ya "yapata". Akaweka na nafasi ya pembeni, ndefu ya kutosha. Kisha akaniambia: "Mjomba, daftari langu halikunikumbusha haya, kwa kuwa lenyewe halijui mbatizwa ni nini." Hakika ndivyo. Hata neno lenyewe "mbatizwa" mashine ililipigia mstari mwekundu.

Mstari huo mwekundu nao una madhara yake. Kijana akiandika Kiswahili safi na mashine ikamwonyesha nyekundu kila mstari, mwishowe hudhani lugha yake ndiyo yenye kosa. Kumbe mtengenezaji hakuweka kamusi yetu, basi. Wako waliolitambua jambo hili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa programu ya kuandikia kwa Kiswahili iitwayo Jambo OpenOffice, wapate watu kufungua, kuandika na kuhifadhi kwa lugha yao. Nao walionyesha kwamba tukitaka chombo chenye mawazo yetu, yatubidi tushiriki kukitengeneza.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba vitu vya ufundi havikai katikati bila upande. Huweka utaratibu ambao mwishowe hutawala maisha ya watu. Wengine waliyadhani maneno hayo ni ya viwanda vikubwa vya mbali. Mimi nimeyaona katika kisanduku cha tarehe.

Basi nawajibu nini wazazi waniulizao? Najibu hivi. Mtoto wa kozi hiyo anahitaji mashine, kama vile mwanafunzi wa seremala anavyohitaji msumeno, na si haki kumcheka. Lakini hahitaji ya bei kubwa kwa sababu tu mwenzake anayo. Vihariri vizuri, Vim kikiwa kimojawapo, hupatikana bila malipo, na mashine iliyotumika lakini nzima yatosha kujifunzia. Kabla ya kuuza mnazi hata mmoja, mwulizeni mambo matatu.

Mwulizeni: unataka kutengeneza nini? Akijibu habari za mashine tu, bado hajajibu. Mwulizeni: waweza kunieleza kazi hiyo kwa mdomo, au kuichora mchangani, mashine ikiwa imezimwa? Akiweza, kichwa chake chafanya kazi. Na tatu, hasa siku atakapojivunia kazi iliyomalizwa na msaidizi wa akili mnemba, mwulizeni: kwa nini umeandika hivi, wala si vile? Mtoto asiyeweza kujibu hilo hajatunga, amepokea. Maswali hayo hayataki mzazi ajue kompyuta. Mama ajuaye kusuka ukili aweza kuyauliza, maana yeye ajua kwa nini mkeka huanzwa hivi na kumalizwa vile.

Na ninyi vijana mnaosoma kazi hii, nawaomba jambo moja. Siku mtakapoitwa kutunga programu ya zahanati, ya shule au ya ushirika wa wavuvi, njoni kwanza mketi na mwenye kitabu cha kale. Mwulizeni kwa nini aliacha nafasi tupu. Kisha wekeni katika kazi yenu kisanduku kitakachompokea na bibi yule aliyezaliwa wakati wa masika, asilazimishwe siku isiyo yake.